Pengo au Kosa? Istilahi na Hesabu za Wahandisi

Aghalabu mpenzi wa Kiswahili akiulizwa iwapo lugha hii inaimudu sayansi, hukimbilia orodha ya majina ya vifaa: tarakilishi, kikokotoo, kipakatalishi. Nionavyo, vifaa havitusumbui tena. Kinachotusumbua ni dhana, hasa zile zinazotumiwa na wahandisi wanapoiga kwa tarakilishi mwenendo wa jengo ambalo bado halijajengwa.

Hesabu za namna hiyo hazidai jibu kamili. Ukuta hugawanywa katika vipande vidogo, nguvu zinazokibana kila kipande zikakadiriwa, kisha makadirio yote yakaunganishwa. Baina ya makadirio na uhalisi daima pana tofauti, hata pale ambapo hapana aliyekosea. Tofauti hiyo ndiyo tunayoshawishika kuiita "kosa". Istilahi hii inapotosha, kwani kosa lina mkosaji na husahihishwa, ilhali tofauti hii haiishi. Hupunguzwa tu, na kila kuipunguza kuna gharama yake.

Tuchukue mfano wa Sleipner A, jukwaa la kuchimbia gesi na mafuta baharini. Mnamo tarehe 23 Agosti 1991 msingi wake wa zege ulizama karibu na Stavanger, Norwe. Ilibainika kwamba vipande vya hesabu havikugawanywa ipasavyo mahali kuta zilipokutana, hivyo nguvu zilizoelekea kuukata ukuta zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Aidha, vyuma vya ndani havikushikizwa vya kutosha. Hesabu makini zaidi, iliyofanywa baada ya ajali, ilionyesha kwamba msingi ungevunjika katika kina cha meta 62. Ulikuwa umevunjika katika meta 65.

Mimi ningependekeza "pengo la ukadiriaji". Pengo hupimwa na huzibwa kwa kiasi, na hakuna anayelaumiwa kwa kuwa nalo (wazee wenye mapengo watanielewa). Neno "kosa" tumwachie anayeridhika na pengo asilolipima, kama ilivyokuwa Norwe.

Huenda msomaji akasema kwamba "kosa" limekwisha kuzoeleka. Naam, lakini limezoeleka kwetu sisi wa lugha, ambao ni nadra kuketi katika darasa la uhandisi kabla ya kulibunia istilahi. Mwanafunzi wa darasa hilo bado anaiwaza dhana yake kwa Kiingereza.