Ufagio Badala ya Randa

Ukipita barabara ya Songea kwenda Mbinga, simama hapa Kitai utazame karakana za useremala. Kijana anafagia maranda, anabeba mbao za mninga, anachota maji nyumbani kwa fundi. Mwaka unakwisha hajashika randa. Ukiuliza, unaambiwa, “Nasi tulijifunza hivyo hivyo.” Jibu gani hilo!

Uingereza ya karne ya 18 haikuwa pepo ya wanyonge. Hata hivyo, mwanagenzi wa seremala aliingia kwa mkataba wa maandishi, kwa kawaida wa miaka saba. Wazazi wengi walimlipa fundi ada. Fundi naye alifungwa kumlisha kijana, kumlaza na kumfundisha kazi. Akikiuka, aliweza kushtakiwa. Kijana wetu ana nini mkononi? Neno la mdomo, tena aliambiwa mjomba wake.

Najua VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini. Vema. Lakini apimwe nini aliyeshika ufagio miaka mitatu? Mauziano ya shamba tunayaandika mbele ya mashahidi kwenye ofisi ya kijiji. Na haya yaandikwe huko huko: muda, posho, na mwezi ambao kijana atapewa patasi.