Taja Bei Kabla ya Kura

Mwezi Agosti 2003 Bunge la Ghana lilipitisha sheria ya bima ya afya ya taifa. Desemba 2004 Bunge la Kenya nalo likapitisha mswada wa jambo hilohilo. Wakati huo nchi hizi mbili zilifanana mno. Kila moja ilikuwa imetoka kukiondoa kwa kura chama kilichotawala muda mrefu. Kila moja ilikuwa na rais aliyeingia kwa shangwe, John Kufuor kule Accra na Mwai Kibaki kule Nairobi. Na katika kila moja wananchi walikuwa wamechoshwa na utaratibu wa kudaiwa fedha dirishani kabla mgonjwa hajaonwa. Ghana waliipata bima yao, na ipo mpaka leo, tena imepita salama mikononi mwa vyama viwili vinavyopokezana madaraka. Kenya hawakuipata. Rais alikataa kutia sahihi, mswada ukarudishwa Bungeni ukafia huko, na ikapita karibu miaka 20 kabla ya sheria nyingine ya bima ya wote kufika Ikulu na kutiwa sahihi. Yafaa tujiulize ni nini kilichotenganisha safari hizi mbili, maana jibu lake linawahusu pia wanaotuongoza leo.

Jibu linalotolewa upesi ni fedha. Lakini Ghana ya 2003 haikuwa tajiri kuliko Kenya. Mafuta yao yalikuwa hayajagunduliwa, na mwaka 2001 serikali ilikuwa imekubali, kwa uchungu wa heshima, kujiandikisha katika mpango wa kusamehewa madeni uliowekwa kwa ajili ya nchi maskini zilizolemewa. Alichofanya Kufuor ni kutaja mlipaji. Alisema kwamba asilimia 2.5 itaongezwa juu ya bei ya bidhaa na huduma, sambamba na kodi ya ongezeko la thamani, na kwamba sehemu ya michango ya pensheni ya wafanyakazi itahamishiwa katika bima. Hayo hayakuwa maneno ya kupendeza. Mwaka 1995 kodi hiyo ya ongezeko la thamani ilipoanzishwa, watu waliandamana Accra, wengine wakauawa, na serikali ya siku zile ikalazimika kuifuta. Na baadhi ya waliokuwa mstari wa mbele katika maandamano yale ndio waliokuwa sasa wamekaa serikalini na kuomba kuiongeza! Vyama vya wafanyakazi vilipinga. Wabunge wa upinzani walitoka nje ya ukumbi. Kufuor hakurudi nyuma, na Desemba 2004, wananchi wakiwa tayari wanaiona kodi hiyo katika manunuzi yao, wakamchagua tena katika duru ya kwanza.

Kule Nairobi Waziri wa Afya, Charity Ngilu, aliutetea mswada wake kwa nguvu zote, na haki yake tumpe. Waajiri waliupinga, kampuni za bima ziliupinga, na Wizara ya Fedha ilitilia shaka kama nchi ingemudu gharama yake. Upinzani wa waajiri na kampuni ni jambo la kawaida, kwa kuwa hakuna mageuzi ya afya yasiyomgusa mtu mfukoni. Lisilo la kawaida ni serikali moja kwenda Bungeni ikiwa na hesabu mbili. Swali la nani atalipa, na kiasi gani, lilikuwa la kumalizwa mbele ya Rais, katika Baraza la Mawaziri, kabla mbunge yeyote hajanyoosha mkono. Liliachwa lisafiri na mswada, likatoka nao Bungeni, na likaja kujibiwa mezani kwa Rais, mahali ambapo majibu yamebaki mawili tu: kutia sahihi au kukataa. Hapo ndipo ninapouona udhaifu wa uongozi.

Mtu angetarajia kwamba miaka 20 ingetosha kujifunza. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya kwa siku moja, miongoni mwake ile ya bima ya afya ya jamii iliyouzika mfuko wa zamani wa tangu 1966. Safari hii serikali ilikuwa na hesabu moja, tena hesabu nzuri. Chini ya mfuko wa zamani, mwenye mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi alikatwa 750. Mwenye 100,000 alikatwa 1,700, na mwenye milioni moja alikatwa 1,700 hiyohiyo. Sheria mpya ikaweka asilimia 2.75 kwa kila mshahara bila ukomo wa juu. Mwenye 20,000 akashuka hadi 550. Mwenye 500,000 akapanda hadi 13,750. Ni mara chache katika nchi zetu kuona makato yanayompunguzia wa chini na kumwongezea wa juu kwa uwazi namna hiyo. Serikali yenye hoja kama hiyo ilipaswa kuitangaza viwandani, mashambani, katika vituo vya matatu na misikitini na makanisani, mpaka kila mlinzi wa usiku ajue kwamba yeye anapunguziwa.

Miswada ikapitishwa kwa wiki chache. Wafanyakazi wengi waliifahamu sheria kwa kuona tarakimu katika karatasi ya mshahara, katika kipindi ambacho karatasi hiyohiyo ilikuwa imeanza kubeba makato ya nyumba ya asilimia 1.5. Kwa hiyo hata aliyepunguziwa alihesabu kwamba ameongezewa. Waliokwenda mahakamani kuipinga hawakuwa na kazi ngumu: Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitamka kwamba sheria tatu kati ya zile nne zinakiuka Katiba, sababu mojawapo kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa baadaye ikaisimamisha hukumu hiyo, na mfuko mpya ukaanza kazi Oktoba 2024. Lakini ulianza ukiwa umeitwa mvunja Katiba, miezi michache baada ya vijana kujaa barabarani kupinga mswada wa fedha na kumlazimisha Rais auondoe. Muda uliookolewa Bungeni ulipotelea mahakamani, na pamoja nao ikapotea imani ya watu, ambayo hakuna jaji anayeweza kuirudisha kwa amri.

Tanzania nayo ina la kutufundisha, ingawa kwa njia yake. Muswada wa bima ya afya kwa wote uliofika Dodoma mwaka 2022 ulikuwa na kasoro ya kutanguliza adhabu mbele ya faida. Ulitaka bima iwe sharti la kupata leseni ya udereva, hati ya kusafiria, hata nafasi ya kidato cha tano. Na viwango vilivyotajwa wakati huo vilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mama lishe mwenye watoto wanne alisikia hiyo 340,000 na akasikia hilo la kidato cha tano, kilichobaki hakukisikia. Wabunge wakauliza nani atamlipia asiye na uwezo, na jibu halikuwapo. Serikali ikauondoa muswada. Wapo waliocheka na kuuita huo ni unyonge. Mimi nauhesabu kuwa uongozi, kwa sababu uliporudi na kupitishwa Novemba 2023 ulikuja na mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, na vyanzo vyake vikiandikwa ndani ya sheria, ukiwamo ushuru wa vinywaji baridi na vileo na kodi ya michezo ya kubahatisha. Kama vyanzo hivyo vitajaza mfuko ni suala jingine, na nadhani vitahitaji nyongeza. Walau sasa mwananchi anajua aulize wapi.

Wako wanasiasa watakaosema, tena kwa dhati, kwamba ushauri huu ni wa mtu asiyewahi kuomba kura. Taja kodi kabla ya faida, nao mswada wako umekufa. Hoja hii inasahau kwamba watu wetu hawajawahi kutibiwa bure. Hulipa kwa kuuza ng'ombe, hulipa kwa kuweka hati ya shamba rehani, hulipa kwa harambee na kwa kuchangishana kwenye simu usiku kucha ili mwili uruhusiwe kutoka chumba cha maiti. Wanaijua gharama ya ugonjwa kuliko waziri yeyote. Wanachokikataa ni kutajiwa "bure" leo na kukatwa kesho. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kiongozi anayeificha bei ya mageuzi yake huumbuliwa na karatasi ya mshahara.

Hoja ya pili ni nzito kuliko hiyo: kwamba nguvu ya rais huyeyuka haraka, kwa hiyo lazima apige chuma kingali moto. Wenye hoja hii hupenda kutoa mfano wa Marekani, nasi tuutazame huohuo. Bill Clinton aliingia mwaka 1993 na kuunda kamati kubwa ya mageuzi ya afya chini ya mkewe, Hillary, iliyofanya kazi yake kwa milango iliyofungwa na kutoka na mpango uliokwisha pikwa. Wabunge hawakuwa wameushiriki, wananchi hawakuuelewa, kampuni za bima ziliutangaza vibaya katika televisheni, na mwaka 1994 ukafa bila hata kupigiwa kura ya mwisho. Barack Obama alitumia takriban miezi 14 kuipata sheria yake ya afya. Alitukanwa katika mikutano ya hadhara nchi nzima, akapoteza kiti muhimu cha Seneti katikati ya safari, akatia sahihi Machi 2010, na Novemba ya mwaka huo chama chake kikapoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Ukiishia hapo utasema mwendo wa polepole ulimponza. Endelea hadi Julai 2017, pale chama cha Rais Trump kilipokuwa na Ikulu na mabaraza yote mawili, na jaribio la kuifuta sheria hiyo likashindwa Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49. Sheria iliyobishaniwa mwaka mzima mchana kweupe ilikuwa imekwisha pata watetezi. Na jambo lililomwaibisha Obama kuliko yote lilikuwa lile aliloliremba: aliahidi kwamba anayeipenda bima yake ataendelea nayo, na mwishoni mwa 2013 mamilioni wakapokea barua kwamba bima zao zinafutwa. Alilazimika kuomba radhi mbele ya taifa. Mahali pekee alipoficha bei ndipo alipoumia.

Watatutajia Rwanda pia, na kutuambia kwamba bima hufanikiwa penye mkono wa chuma. Sikatai kwamba Kigali ina amri kuliko miji mingi. Lakini mkono wa chuma pekee hauelezi kwa nini kaya za vijijini huko hulipa. Mwaka 2011 bei zilipangwa kwa madaraja yanayojulikana, faranga 2,000, 3,000 na 7,000 kwa mtu kwa mwaka, na walio maskini kabisa wakalipiwa. Mwanakijiji alijua yeye ni wa ngapi na jirani yake ni wa ngapi.

Iliyobaki ni hoja ya wizi, nayo sitaipuuza. Mkenya anayesema kwamba mfuko wa zamani ulifujwa na huu utafujwa hasemi uzushi. Bunge lenyewe liliwahi kuchunguza malipo ya mfuko ule kwa zahanati ambazo hazikuonekana. Hata Ghana haikuwa pepo. Hospitali zilicheleweshewa malipo miezi na miezi, na mwaka 2017 serikali ilitunga sheria ya kuweka kikomo katika fedha zinazokwenda kwenye mifuko maalumu, ukiwamo wa bima. Hata hivyo, kwa kuwa kila mnunuzi alijua kwamba asilimia 2.5 yake ni ya afya, madai ya kuirudisha yote hayakuhitaji mhasibu kuyaeleza, yakaingia katika siasa, na mwaka 2025 kikomo hicho kikaondolewa kwa mfuko wa bima. Makato yenye jina na anwani huibwa pia, lakini mwenye mali hujua kiasi kilichopotea. Fedha zilizochanganywa katika kapu moja la serikali haziachi hata alama ya kufuatilia.

Basi ninyi mnaoshika madaraka, na ninyi mnaoyatamani, msitupe tena kadi kabla ya kutueleza malipo. Asiye na mshahara Kenya, mwenye bodaboda au kibanda cha mboga, aliambiwa kwamba kipato chake kitakadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake, kisha alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600. Mtu anayepata riziki kwa siku hawekewi ankara ya mwaka, na waliopanga hivyo wangeambiwa mapema kama wangemwuliza. Mpango wa kumkopesha ili alipe kidogokidogo ulikuja baadaye, kama kiraka. Nanyi wapiga kura wenzangu, tusijitoe katika lawama: tumezoea kumpigia makofi anayesema "bure" na kumzomea anayetaja asilimia. Kenya itaingia katika uchaguzi Agosti 2027, na majukwaa yatajaa ahadi za dawa na vitanda. Mgombea akisema matibabu yatakuwa ya bure, aulizwe papo hapo, kabla ya wimbo unaofuata: ni kodi gani itapanda, kwa asilimia ngapi, mwuza mboga atalipa kwa siku au kwa mwaka, na hospitali ya kaunti ikishamtibu italipwa baada ya siku ngapi.