Mwanafunzi wa tiba ya dharura apime chama kwa kazi yake, si kwa jina

KIFUNGU cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema bayana kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, Oktoba 2015 taifa lilipigwa na butwaa pale majeruhi wa ajali ya barabarani jijini Nairobi alipokaa saa 18 ndani ya ambulensi, akizungushwa kutoka hospitali moja hadi nyingine kutafutiwa kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hatimaye alifariki. Kisa hicho kilidhihirisha kuwa haki iliyoandikwa haimfikii mgonjwa bila wataalamu waliofunzwa, viwango vinavyoeleweka na watu wa kuvitetea.

Kwa sababu hiyo, swali linaloonekana dogo lina uzito mkubwa. Mwanafunzi anayesomea tiba ya dharura, awe wa udaktari, wa ukliniki, wa uuguzi au wa huduma za ambulensi, ajiunge na chama kipi? Wengi hulijibu kwa pupa. Hufuata marafiki, au hurundika vyeti vya uanachama ili kupamba wasifu wao watakapotafuta kazi. Ada hulipwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili chama kikasahaulika.

Kosa la kwanza ni kuchanganya vyombo vya aina tatu ambavyo kazi zake ni tofauti kabisa.

Cha kwanza ni baraza la kisheria, mathalani Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), Baraza la Maafisa wa Kliniki au Baraza la Wauguzi. Mabaraza haya yaliundwa kumlinda mgonjwa. Husajili wahudumu, hutoa leseni na kuwaadhibu wanaokiuka maadili. Hapa hakuna hiari, kwani asiyesajiliwa hana ruhusa ya kumtibu mtu.

Cha pili ni chama cha wafanyakazi. Madaktari walipogoma kwa siku 100 hadi Machi 2017 chini ya chama chao cha KMPDU, mzozo ulihusu mkataba wa pamoja wa mishahara na mazingira ya kazi. Mkataba wa mwaka huo ndio uliotumiwa kama ngao 2024, serikali ilipopendekeza kuwalipa madaktari wanagenzi Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,000. Wengi wa wanagenzi hao walikuwa bado shuleni, au ndio kwanza wanaingia chuoni, mkataba huo ulipotiwa saini. Walitetewa na kazi iliyofanywa na waliowatangulia.

Aidha, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaruhusu, kwa agizo la Waziri, mfanyakazi asiye mwanachama akatwe ada iwapo ananufaika na mkataba uliojadiliwa na chama. Anayejitenga akidhani anaokoa fedha anaweza kujikuta akilipa na bado hana kura. Hata hivyo, uanachama kamili wa chama cha aina hii huendana na ajira. Mwanafunzi ana muda wa kukichunguza kabla ya kujiunga.

Cha tatu ni chama cha kitaaluma, na hapa ndipo penye uamuzi halisi wa mwanafunzi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nchini Marekani, madaktari wachache waliunda chama cha ACEP mwaka 1968, wakati ambapo vitengo vya majeruhi viliachiwa daktari yeyote aliyepatikana. Ilichukua miaka 11, hadi 1979, tiba ya dharura kutambuliwa rasmi kuwa taaluma ya ubingwa. Mwaka 1993 kikazuka chama kingine, AAEM, kilichoasisiwa na madaktari waliopinga kampuni za kibiashara kuwatawala wahudumu wa vitengo hivyo. Vyama viwili vya taaluma moja, lakini vyenye misimamo tofauti. Asiyesoma msimamo wa chama kabla ya kulipa ada anaweza kugharamia asichokiamini.

Karibu na nyumbani, Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kuwafunza madaktari bingwa wa dharura mwaka 2010, na mwaka uliofuata chama cha EMAT kikaundwa. Barani, Shirikisho la Afrika la Tiba ya Dharura (AFEM) lilianzishwa 2009, na kuanzia 2011 likawa na jarida la kitaalamu linalochapisha utafiti kutoka hospitali zilizo na mazingira kama ya Kenya. Humu nchini, wakfu wa Emergency Medicine Kenya (EMKF) umeandaa miongozo ya kutibu wagonjwa wa dharura.

Basi mwanafunzi na aulize maswali manne. Je, chama kina nafasi na ada maalumu kwa wanafunzi? Je, hutoa mafunzo ya vitendo, kama vile kufufua moyo uliosimama na kupanga wagonjwa kulingana na uzito wa hali zao? Je, hufanya uchaguzi na kuwasomea wanachama hesabu za fedha? Na je, huwakutanisha watu wa kada mbalimbali?

Swali la mwisho ni zito zaidi kwa Kenya. Mara nyingi anayemfikia majeruhi kwanza si daktari bali ni mhudumu wa ambulensi, muuguzi au afisa wa kliniki. Chama kinachowafungia nje hao kinatetea cheo, hakitetei huduma.

Wapo wanaohoji kwamba mwanafunzi anayehangaika na karo na kodi ya chumba hana fedha za vyama. Hoja hiyo ina mashiko, na ndiyo maana kimoja kinachofanya kazi ni bora kuliko vitano vya kuning'iniza ukutani. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 36, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Hivyo ni jukumu la vyama kuwavutia vijana kwa kupunguza ada, kuwapa sauti katika vikao na kuonyesha zinakoenda fedha.

Sera ya Huduma za Matibabu ya Dharura ya Kenya ni ya kipindi cha 2020 hadi 2030. Walio darasani leo ndio watakaokuwa kwenye ambulensi na vitengo vya majeruhi itakapofika wakati wa kuitathmini na kuandika nyingine. Iwapo watakuwa wamejipanga katika vyama vyenye nguvu, watakuwa na la kusema kuhusu vitanda, vifaa na mafunzo. Wasipojipanga, maamuzi hayo yatafanywa na wasiowahi kukesha na majeruhi, na atakayeumia ni yule mgonjwa ambaye Katiba ilimwahidi hatanyimwa matibabu.