Bahari Yetu Nyumbani kwa Mreno

Mji wa Lisbon, makao makuu ya Ureno, umekaa kando ya mto Tagus pale unapokaribia kuingia baharini. Ndani ya gati moja la zamani la mji huo limejengwa jumba la samaki ambalo mtu wa pwani yetu akifika huko hana budi kuliingia. Mimi nimeliingia, na yafaa tuzungumze juu yake, ndugu zangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga, kwa maana linatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Jumba hilo, Oceanário, lilifunguliwa mwezi wa Mei 1998 pamoja na maonyesho ya dunia ya Expo 98, yaliyotazamwa na watu zaidi ya milioni 10. Maonyesho yenyewe yalikuwa juu ya bahari, lakini mwaka haukuchaguliwa ovyo. Ilikuwa imetimia miaka 500 tangu Vasco da Gama afike Calicut tarehe 20 Mei 1498. Daraja refu lililofunguliwa mwaka huohuo juu ya Tagus limepewa jina lake, na mnara ulio jirani na jumba hali kadhalika. Sisi tunamjua bwana huyo kwa mlango mwingine. Alifika Mombasa Aprili 1498, akaondoka pasipo maelewano, akaenda Malindi, akapewa rubani wa kumvusha (si Ahmad bin Majid kama vilivyoandika vitabu vingi, wataalamu wa leo wanaelekea kwa Mgujarati mmoja). Miaka 7 baadaye, 1505, wenzake walikuja wakauteka mji wa Mombasa, wakaupora na kuutia moto. Huko India wako waliopinga hadharani kusherehekewa kwa safari ile, na sidhani kwamba walikosea.

Hata hivyo hayo si ya kumfanya mtu agome mlangoni. Jumba ni zuri, na haki yake lipewe. Aliyelichora ni Mmarekani, Peter Chermayeff, ambaye mkono wake uko pia katika majumba ya samaki ya Baltimore na Osaka. Katikati liko tangi moja la lita milioni 5, kina chake mita 7. Maji ya kina hicho hukandamiza kila mita ya mraba ya chini kwa uzito wa kama tani 7, na kinachoyazuia yasikumwagikie ni plastiki ngumu iitwayo akriliki, nyangavu hata mtoto hunyosha mkono amshike papa. Papa, taa, mzia na tewa wanapita mbele ya uso wako bila ya haraka, kama watu watokao sala ya Ijumaa.

Kulizunguka tangi hilo zipo pande nne, kila upande na bahari yake: Atlantiki ya Kaskazini, Antaktika yenye pengwini, Pasifiki ya baridi, na Bahari ya Hindi ya joto. Kila upande una maji yake, ila ukuta unaoutenga na tangi la katikati nao ni wa akriliki na haudhihiriki, basi mtazamaji huona kana kwamba bahari zote ni moja. Yuko pia samaki mmoja mkubwa wa duara kama sinia, huitwa samaki-jua, aliyekatika nyuma kama kwamba muumba wake alimwacha hapo kwa makusudi ili tushangae. Subhanallah! Nilisimama mbele yake mpaka walinzi wakaanza kunitazama mimi.

Katika upande wa Pasifiki walikaa tangu mwanzo fisi-maji wawili walioitwa Amália na Eusébio. Amália ni jina la mwimbaji wao mashuhuri. Eusébio ni yule mchezaji mpira, naye alizaliwa Msumbiji mwaka 1942. Mwana wa pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki kupewa heshima ya fisi-maji! Sikujua nicheke au ninune.

Nilipofika upande wa Bahari ya Hindi ndipo moyo uliponishtuka. Kitatange na jamaa zake wa rangi rangi, wa aina zile zile zinazoingia katika madema yetu, wanacheza kwenye mwamba, na vibao vyao vimeandikwa Kireno, Kiingereza na Kilatini cha wataalamu. Kibao cha Kiswahili sikukitaraji, wala simlaumu Mreno. Lakini je, kwetu kiko? Muulize mtoto wa shule wa Majengo au Kisauni akutajie samaki. Atakwambia changu, papa na pweza, kisha atanyamaza. Tafi, puju, kangaja, pono, kikande, na bunju ambaye sumu yake huua, hayo ni majina ambayo mvuvi huyajua pamoja na mahali pa kila mmoja, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Elimu hiyo haina daftari. Mzee mmoja akizikwa, sehemu yake huzikwa naye.

Na mwamba wenyewe hautungoji. Mwaka ule ule wa 1998, Wareno walipokuwa wakipanga mwamba wao nyuma ya kioo, maji ya bahari yetu yalipata joto lisilo la kawaida, na kati ya Machi na Mei matumbawe ya pwani ya Kenya yakapauka, mengi yakafa. Watu chungu nzima walipanga foleni Lisbon kuitazama Bahari ya Hindi ya tangini. Iliyokuwa ikifa hapa ilitazamwa na wavuvi na wataalamu wachache.

Sisemi tujenge tangi la lita milioni 5. Gharama yake ni kubwa, na wako wasemao kwamba kumfungia kiumbe nyuma ya kioo ni dhuluma. Nikimkumbuka yule samaki-jua akizunguka na kuzunguka, siwezi kuwabishia sana. Sisi tunalo jumba lisilo na ukuta. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa tangu 1968, na ziko mashua zenye sakafu ya kioo zinazompeleka mgeni akatazame. Mtoto wa mvuvi naye apandishwe, kwa zamu ya shule yake, na anayemwonyesha awe mvuvi mwenyewe, alipwe kama mwalimu. Serikali za kaunti zetu hazishindwi na jambo hilo.

Na pale Ngomeni, ambapo Makumbusho yameweka vitu vilivyozamuliwa kutoka merikebu ya Kireno ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, naomba chumba kimoja tu cha samaki. Wazee wa Mji wa Kale waitwe, wakae na wataalamu, kila samaki aandikiwe jina lake la Kiswahili kwanza na hayo mengine yafuate. Palipo na hitilafu ya lahaja, kama tewa wa Mombasa ambaye Unguja ni chewa, na tafi wetu ambaye huko ni tasi, yaandikwe yote mawili.