Odinateri yako haijafa: tuachane na Windows ya wizi

GOMA, Kivu ya Kaskazini. Leo tuseme juu ya odinateri. Usiseme ni mambo ya watu wa ofisi. Siku unapopeleka cheti cha kuzaliwa cha mtoto kipigwe fotokopi, bulletini ya shule ichapwe, ao jina la familia liandikwe kwenye liste ya msaada, maisha yako yanapita ndani ya mashini ya mtu mwingine. Na mashini hiyo, mara nyingi, ni mgonjwa.

Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuitunza Windows 10, mfumo iliouleta mwaka 2015. Mfumo ndio unaoamsha odinateri na kuongoza kazi zake zote. Kuacha kuutunza maana yake ni hii: odinateri inaendelea kuwaka, lakini tundu jipya likionekana, hakuna wa kuliziba. Mwezi wa tano 2017 tuliona matunda yake. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga odinateri katika nchi zaidi ya 150, hata za hospitali za Uingereza. Dawa ya tundu lile ilikuwa imetolewa miezi miwili mbele. Walioumia ni wale ambao mashini zao hazikuipata.

Wanatuambia: hamieni Windows 11. Lakini Windows 11 inadai giga 4 za memori, giga 64 za nafasi, kidude cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye liste yao. Kwa upande wa Intel, karibu zote za kabla ya mwaka 2017 zimekataliwa. Sasa ninauliza: odinateri za okazioni zinazouzwa hapa kwetu ni za mwaka gani? Zinawaka, zinaandika, zinachapisha. Zimeitwa mizoga kwa sababu mtu wa mbali amechora mstari.

Sikia na hili. Raia wa Ulaya walipiga kelele kupitia mashirika yanayotetea wanunuzi, wakapewa mwaka mmoja zaidi wa kutunziwa Windows 10 bila malipo. Sisi wengine tuliambiwa tulipe dola 30, ao tukusanye pointi za kampuni, ao tukubali mipangilio yetu ihifadhiwe kwao. Na yote hayo yalipangwa kuisha mwezi wa kumi 2026. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, inatoa tantali inayoingia katika vipande vidogo vya umeme ndani ya simu na odinateri za dunia. Watu wa Masisi wamelala chini ya shiti miaka na miaka. Lakini wakati wa kuamua odinateri gani iishi na gani ife, hakuna aliyewauliza.

Mtu atasema: nunua leseni. Leseni ya Windows 11 ya nyumbani inauzwa dola 139 huko Marekani. Hapa Goma benki zilifunga milango mwezi wa kwanza 2025. Hata mwenye pesa, atalipa kwa karte gani?

Ndiyo maana tunaishi na Windows ya wizi. Fundi anachukua dola zake chache, anazima kinga ya virusi ili kifungulio chake kipite, kisha anakuambia iko sawa. Haiko sawa. Umemlipa mtu afungue mlango na kuuacha wazi. Kuanzia hapo kila kle USB inayoingia inatoka na mdudu. Unafika sekretariati ya pili, kle inafunguliwa, dosie zimefichwa, mahali pake pana alama tupu zisizofunguka. Kwa mwenye nyumba na kabati, hiyo ni hasara ya siku moja. Kwa mama ambaye nyumba yake ilichomwa na karatasi zake zote, kle hiyo ndiyo kabati. Kikipotea kilichomo, hana pa kurudi kutafuta.

Tena kuna mega. Unanunua forfait ya kutuma barua moja, Windows inaamka yenyewe na kuanza kujishushia mamia ya mega. Forfait imeisha, barua haijaenda.

Njia nyingine ipo, na haikuanza jana. Linux ilianza mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Leo inajengwa na maelfu ya watu, na siri zake ziko wazi kwa kila anayetaka kusoma. Unaweza kuinakili na kumpa jirani, na hakuna sheria unayovunja. Simu yako ya Android, ndani ya moyo wake, ni Linux. KoboToolbox, ambayo mashirika mengi ya msaada yanatumia kuandikisha watu, ni programu ya wazi pia. Gendarmerie ya Ufaransa imehamisha makumi ya maelfu ya odinateri zake kwenye Ubuntu. Kama inatosha kwa askari wa Ufaransa, itashindwa namna gani kuandika bulletini za shule ya msingi?

Linux Mint inaridhika na giga 2 za memori, ingawa 4 ni bora. Faili yake ni karibu giga 3: inashushwa mara moja, inawekwa kwenye kle, inazunguka mtaa mzima. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye kle bila kugusa kilicho ndani ya odinateri. Inakuja na Kifaransa, na LibreOffice ya kuandikia barua na hesabu. Masasisho unayashusha saa unayotaka wewe.

Wapinzani wana neno, na tulisikie. Kuna programu za hesabu za makampuni ambazo hazikubali Linux. Kuna mashini za kuchapisha zenye ukaidi. Barua ya Word yenye meza nyingi inaweza kupinda kidogo. Ni kweli. Basi anayehitaji programu hiyo moja abakize odinateri moja. Hiyo si sababu ya kuziacha kumi nyingine ziendelee kuambukiza watu.

Kwa hiyo tunadai. Wenye sekretariati: wekeni Linux walau kwenye mashini moja, ile ya kufungulia kle za wateja, virusi vya Windows havina nguvu humo. Wakuu wa shule: msitupe odinateri iliyokataliwa. Mafundi: jifunzeni kazi hii, mtalipwa kwa ujuzi badala ya kulipwa kwa wizi. Mashirika: mkiomba ripoti ya chama cha wakimbizi wa ndani, pokeeni PDF na faili za LibreOffice, msilazimishe mtu kuiba Word ili asikilizwe.

Nanyi jamaa mliokimbia: kabla ya kutoa kle yako, uliza mashini inaongozwa na nini. Tena weka nakala ya pili, kwenye simu ao kwa ndugu unayemwamini. Mali tuliyobakiza ni karatasi hizo. Tusiziweke katika nyumba ambayo mwenye kufuli ameshaondoka.