Tiketi ya Daraja la Biashara, Kiti cha Watu Watatu

Desemba iliyopita nilifanya jambo nililoliahirisha kwa miaka mingi: nilinunua tiketi ya daraja la biashara kwenda nyumbani Bariadi. Sikufanya hivyo kwa majivuno. Mgongo wa mtu aliyevuka miaka arobaini haupatani tena na kilomita zaidi ya elfu moja kwenye kiti cha kubanana watu watatu. Nililipa shilingi 120,000. Kwa fedha hizo niliahidiwa basi lenye viti viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili, kiyoyozi, choo, sehemu ya kuchaji simu, na kuondoka Mbezi saa kumi jioni ili saa nne asubuhi niwe Bariadi.

Tuliondoka saa moja usiku. Hilo peke yake nisingeliandikia makala. Ni Desemba, na foleni ya kuanzia Kibaha hadi Chalinze kila mtu anaijua. Lakini kabla ya Morogoro kiyoyozi kilizimika, na hapo ndipo nilipogundua kasoro ya anasa isiyotunzwa. Basi la kawaida likipata joto, abiria hufungua dirisha. La daraja la biashara halina dirisha la kufunguliwa. Tulikuwa ndani ya chupa. Choo kilikuwepo kama tulivyoahidiwa, ila kilifungwa kwa sababu kilijazwa mizigo, kwa hiyo baada ya Gairo tulishuka kuchimba dawa gizani, akina mama wakimulikiana kwa tochi za simu huku malori yakipita karibu nao. Njiani kati ya viti walikaa abiria wengine juu ya ndoo. Kila tulipokaribia kizuizi, kondakta aliwaomba wainame.

Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima anayekwenda Meatu. Alikuja Dar es Salaam kwa matibabu ya miguu, na mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, alijinyima ili mama asafiri kwenye kiti cha kunyoosha miguu. Tulisalimiana kwa Kisukuma, nikamwita mayu, naye akanihoji ukoo wangu hadi akaridhika. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu alivivua tangu Chalinze.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukiwa tumeipita Manyoni na hatujafika Ikungi, basi lilizima. Tulikaa kando ya barabara hadi saa nne asubuhi, ndipo likaja basi jingine. Lilikuwa basi la kawaida kabisa: viti vitatu huku, viwili kule. Kondakta alitangaza kwamba tuhamishe mizigo haraka ili safari iendelee. Mayu alinipa tiketi yake akauliza, "Mwanangu, hapa imeandikwaje?" Nikamsomea. Akauliza tena, "Sasa hicho kiti kilichoandikwa kiko wapi?"

Nilikwenda kumuuliza kondakta swali hilohilo. Hakunijibu kwa ukali, na afadhali angefanya hivyo. Alisema, "Mzee wangu, kipindi hiki ni cha sikukuu, tuvumiliane." Kisha kijana mmoja miongoni mwa abiria, aliyepata kusoma chuoni kwetu, akasema kwa sauti, "Huyu ni Dokta, ni mwalimu wetu." Mara moja kondakta akabadilika, akanipangusia kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, penye nafasi ya miguu. Nami, msomaji, nikakaa. Nilikuwa nimechoka, usingizi ulinizidi, na swali langu liliishia pale. Nilizinduka tukiwa tumeshuka mteremko wa Sekenke, Igunga ikikaribia. Nilipogeuka nilimwona mayu katikati ya watu wawili, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, kanga ameiviringisha chini ya nyayo. Nilimwachia kiti kuanzia Igunga. Lakini kutoka Manyoni hadi Igunga si mwendo mdogo, na hesabu ya mwendo ule bado naidaiwa.

Naandika haya kwa sababu naona kwamba kilichotokea kwenye basi lile ndicho kinachotokea katika nchi kwa jumla. Daraja la juu linamuuzia mwenye uwezo starehe, tena mara nyingi lisiyo nayo, na papo hapo linanunua kitu kutoka kwake: sauti yake. Mhadhiri, ofisa wa halmashauri, mwanasheria, hawa ndio wenye barua pepe, namba za simu za wakubwa na ujasiri wa kuuliza. Wakishahamia kwenye viti vya mbele, nyuma wanabaki wanaoambiwa wavumilie. Tumeyafanya hayo kwenye shule, tukawahamishia watoto wetu mchepuo wa Kiingereza kisha tukashangaa kwamba madarasa ya kata hayana mtetezi. Tumeyafanya kwenye wodi za kulipia. Na walio juu yetu zaidi hawapandi basi la daraja lolote. Desemba hupita barabara hiyohiyo ndani ya mashangingi, vioo vimepandishwa.

Tuiangalie hesabu yenyewe, kwa sababu nauli nchini mwetu si suala la utashi wa mwenye basi peke yake. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA upande wa nchi kavu, ilitangaza mwishoni mwa 2023 ukomo mpya wa nauli za masafa marefu. Daraja la kawaida lilitoka shilingi 41.29 kwa abiria kwa kilomita hadi 48.47. Daraja la kati lilitoka 56.88 hadi 67.84. Chukua safari ya kilomita 1,100. Kwa daraja la kawaida ukomo ni kama shilingi 53,300. Kwa daraja la kati ni kama 74,600. Mimi na mayu tulilipa 120,000, tukasafirishwa kuanzia Manyoni, yaani karibu nusu ya njia, kwenye basi la daraja la kawaida.

Tangazo lile lilitaja viwango vya madaraja mawili tu, la kawaida na la kati. Juu ya hapo panabaki makubaliano ya muuzaji na mnunuzi, na sina ugomvi na hilo mwezi wa Machi, mabasi yanapogombea abiria. Desemba mambo hugeuka. Mabasi ya bei rasmi hujaa mapema, au huonekana yamejaa, na mpiga debe anakunong'oneza kwamba limebaki la daraja la biashara tu. Jina la daraja linakuwa mlango wa kutokea nje ya ukomo wa nauli. Biashara ipo kweli. Ila bidhaa ni abiria.

Kwa watu wa Simiyu fedha hizi zina kipimo chake. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga na wenye watu zaidi ya milioni 2.1 kwa sensa ya 2022, unaishi kwa pamba. Msimu wa 2024 bei elekezi ya kilo moja ilikuwa shilingi 1,150. Tiketi moja ya 120,000 ni zaidi ya kilo mia moja za pamba: kupanda, kupalilia, kupulizia dawa, kuchuma kwa vidole na kubeba hadi chama cha msingi. Tofauti ya nauli rasmi ya daraja la kati na la kawaida katika safari ile, shilingi 21,300, ni kilo kumi na nane na nusu. Ukimshusha mkulima daraja bila kumrudishia kitu, umemchukulia pamba hiyo. Kama kijana angebebwa na gunia la ujazo huo kutoka ghalani kwa mtu, angepelekwa polisi.

Najua watumishi wa umma wanaosoma hapa wana mwiba wao wa peke yao. Nauli ya likizo, ile inayolipwa kila baada ya miaka miwili, kwa kawaida hukokotolewa kwa viwango rasmi. Mwalimu wa Itilima au muuguzi wa Busega anayekwenda kwao Songea na mke na watoto wanne hulipwa kwa bei ya karatasi, kisha anasafiri kwa bei ya Desemba. Pengo analiziba kwa mkopo.

Wenye mabasi wana hoja, na ni haki isikilizwe. Desemba basi huja mikoani limejaa na kurudi Dar es Salaam na viti vitupu. Januari hali ni kinyume chake. Mafuta huchomwa pande zote mbili. Tena, basi lolote laweza kuharibika. Lakini hoja ya kurudi tupu inadai nauli ya msimu iliyotangazwa wazi na yenye ukomo wake. Haihalalishi kuuza kiti kisichokuwepo. Na hoja ya kuharibika inaeleza kwa nini tulihamishwa. Haielezi kwa nini fedha zetu hazikuhamishwa pamoja nasi.

Tiketi ni mkataba. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haina kifungu kinachosema kwamba ahadi hulegea ikifika Krismasi. Wenzetu wa Ulaya, kwa kanuni yao ya mwaka 2004 kuhusu abiria wa ndege, waliliandika jambo hili bila kuzungukazunguka: abiria akishushwa daraja, shirika linamrudishia sehemu ya bei ya tiketi ndani ya siku saba, asilimia 30 kwa safari fupi zisizozidi kilomita 1,500, na zaidi kwa ndefu. Haijalishi kama ni mwezi wa sikukuu. Kwa kipimo hicho mayu angerudishiwa shilingi 36,000 kabla ya mwaka mpya. Sisemi tunakili kanuni ya ndege na kuibandika kwenye mabasi yetu. Nasema wazo lenyewe si gumu, na vyombo vya kulitekeleza tayari tunavyo. Tiketi mtandao inajua nani amelipa kiasi gani na kwa daraja gani. Kifaa cha kufuatilia mwendo kilichofungwa kwenye basi kinajua liliposimama na kwa muda gani. Simu ya abiria inapokea fedha kwa dakika moja. Kinachokosekana ni sharti moja ndani ya leseni: basi la akiba likiwa la daraja la chini, tofauti irudi kwenye namba iliyokata tiketi, bila abiria kuandika barua wala kufunga safari kwenda ofisini. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, lililowekwa kwa ajili ya watu kama mayu. Huko ndiko ninakoipeleka hoja hii, kwa maandishi, na ninawaomba wanafunzi wangu wa sheria na wa utawala wanisaidie kuinoa.

Nigusie na reli, maana kila nikilizungumzia basi kuna anayenijibu "SGR inakuja." Ni kweli inakuja. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kinapita Malampaka wilayani Maswa, palepale ilipopita reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928. Na katika treni ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyozinduliwa Agosti 2024, nilichokipenda zaidi si mwendo wake. Ni kwamba daraja la kawaida, kwa shilingi 31,000, ni daraja ambalo mtu haoni haya kulipanda. Treni ile nayo haikukosa hitilafu, lakini waziri na mwanafunzi wakikwama humo, wanakwama pamoja, na swali huulizwa siku hiyohiyo. Hadi reli ifike Malampaka, Bariadi na Meatu wataendelea kuitegemea barabara, tena baada ya kuruhusiwa safari za usiku mwaka 2023 wataitegemea saa zote ishirini na nne.

Barabara yenyewe sina la kuilaumu. Nilipokuwa kijana, kutoka Mwigumbi kuingia Maswa wakati wa mvua ilikuwa kazi ya kusukuma gari na kulala njiani. Sasa ni lami tupu hadi Bariadi na kuendelea Lamadi. Jioni ile, mashamba pande zote mbili yalikuwa na pamba changa, na abiria walianza kuchangamka, kila mtu akipiga simu kusema yuko karibu.

Mayu alishuka Maswa. Alikuwa na safari nyingine ya kupitia Lalago, na kwa saa ile hakuwa na hakika ya kupata gari. Nilimshushia mfuko wake na ndoo ndogo ya mafuta ya alizeti aliyoinunua Singida. Alinishukuru kwa kiti. Aliniambia nimefanya vizuri kusoma, maana wasomi wanaheshimiwa hata kwenye basi. Sikupata la kumjibu. Tiketi yake alinirudishia, akasema haina kazi tena kwake, na ninayo hapa mezani. Kwenye mstari wa daraja pameandikwa daraja la juu, kiti namba 7. Mimi nilifika Bariadi saa kumi na mbili na nusu jioni, saa ishirini na sita na nusu tangu muda ulioandikwa wa kuondoka.