Fundi Naye Aulizwe kwa Kiswahili

Hapa mitaani kwetu, kuanzia Kariobangi hadi Kayole, jina "fundi" ni kama koti la mtumba: yeyote aweza kulivaa. Mzee aliyeshika mwiko miaka ishirini ni fundi. Kijana aliyekuwa akibeba mawe juzi, na leo mwenye ploti anakwepa gharama, naye ni fundi. Wote wawili wanapandisha ukuta ule ule, na wewe mpangaji huna habari ni yupi aliyeimwaga slabu iliyo juu ya kitanda chako.

Wanafunzi wenzangu, hili si jambo la mzaha. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa sita liliporomoka Huruma na kuwaua watu zaidi ya 40. Kweli, lawama si ya fundi peke yake, maanake jumba hilo lilijengwa kando ya mto bila idhini. Lakini hebu tujiulize, nani huhakikisha kwamba anayechanganya simiti anaijua kazi?

Sheria ipo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huwasajili makandarasi na kuwaidhinisha mafundi na wasimamizi. Ipo pia mitihani ya ufundi inayoanza Gredi ya Tatu na kupanda hadi ya Kwanza. Tena kuna viwango vya kazi, yaani maandishi yanayoeleza mwashi afanye nini, kwa kipimo gani, na ajue nini. Hata mtu aliyejifunzia kazini bila kukanyaga chuo, Serikali imekubali apimwe na kupewa cheti. Mpango mzuri sana. Ila viwango hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza.

Sasa nenda kwenye mjengo wowote pale Umoja, usikilize. "Lete karai!" "Angalia timazi!" "Pima maji inasemaje?" Kiingereza hukisikii. Fundi atakueleza kwamba konkriti ya slabu ni simiti kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne, na kwamba maji yakizidi, ati kwa sababu watu wa mkono wanataka ikorogeke upesi, nguvu inapungua. Atakueleza kuwa simiti haikauki kama nguo kwenye kamba, bali inashika, na ndiyo sababu slabu humwagiliwa maji kila siku kwa wiki nzima au zaidi. Si hiyo ni kemia? Mpe mambo hayo hayo katika Kiingereza cha vitabuni uone. Atakuna kichwa, kisha atasema vyeti ni vya waliosoma, arudi zake kazini. Na kwa kuwa siku ya mtihani ni siku bila mshahara, hatarudi kujaribu tena. Mimi naona mtahini ndiye angemfuata fundi mjengoni.

Wengine husema Kiswahili hakina maneno ya ufundi. Huo ni uvivu. Waashi wa Lamu walijenga nyumba za mawe ya matumbawe, kwa chokaa na boriti za mikoko, karne nyingi kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899, na kazi yao ingali imesimama. Walikuwa wakiagizana kwa lugha gani? Tena Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema wazi kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza.

Basi chama chetu nacho kisikae kushindana kwa methali tu kila Ijumaa. Wengi wetu tunatoka nyumba ambazo baba, mjomba au kaka yuko mjengoni. Tuwaulize, tuandike maneno yao, tuyapeleke kwa wanaotunga viwango. Mimi ningependa tuanze na "slabu", maanake kila fundi niliyemuuliza hutumia neno hilo hilo, na hakuna aliyenipa jingine.